Firauni wa Misri na Firauni wa Moyoni

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.



Siku hizi kila nyumba ina simu, na kupitia simu hizo vijana wetu wanasikia mafundisho yanayotoka mbali. Moja linalowavutia sana ni hili: kwamba vitabu vitakatifu havizungumzii watu waliowahi kuishi wala mambo yaliyowahi kutokea, bali vinaeleza hali za ndani ya mtu mwenyewe. Musa (A.S.), wanasema, ni fahamu inayoamka. Firauni ni kiburi. Misri ni kifungo cha mawazo na bahari ni hofu. Pepo ni raha ya nafsi na Moto ni majuto. Kisha wanamalizia kwa kusema: usihangaike na mambo ya nje, badilisha hali yako ya ndani na ulimwengu utakufuata.

Fundisho hili si geni. Mmoja wa walioeneza namna hii ya kusoma ni Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados mwaka 1905, aliyehamia Marekani akiwa kijana na kufundisha huko hadi alipofariki mwaka 1972. Yeye alikuwa akiisoma Biblia. Alifundisha kwamba Biblia si historia bali ni habari ya mambo yanayopita ndani ya akili ya mwanadamu, na kwamba Mungu ni ule uwezo wa mtu wa kujenga picha akilini mwake. Leo wapo wanaochukua ufunguo huo huo na kutaka kuufungulia Qurani.

Tusiwacheke vijana wanaovutiwa. Mtu aliyesoma msahafu tangu utotoni, akahifadhi juzuu kadhaa bila kuambiwa hata siku moja kuwa aya hizi zinamhusu yeye, akisikia kwa mara ya kwanza kuwa Firauni yumo ndani ya kifua chake, lazima atashtuka na kuvutika. Anahisi kitabu kimefunguka. Na hisia hiyo si ya uongo wote.

Maoni yangu ni haya. Qurani inazungumza na hali za nafsi zetu, na asiyejiona ndani yake bado hajaisoma sawasawa. Lakini maana ya ndani imesimama juu ya maana ya nje kama ghorofa juu ya msingi. Anayebomoa msingi ili abaki na ghorofa atapoteza vyote viwili.

QURANI INAIZUNGUMZA NAFSI

Hatuhitaji mwalimu kutoka ng'ambo kutufundisha kuwa Qurani inaeleza hali za ndani. Sura Yusuf, aya ya 53, inataja nafsi yenye kuamrisha maovu. Sura Al-Qiyama, aya ya 2, inataja nafsi yenye kujilaumu. Sura Al-Fajr, aya ya 27, inaiita nafsi iliyotua. Wanavyuoni wameyaeleza majina haya matatu kuwa ni hali za nafsi, na mtu mmoja anaweza kuzipitia zote. Asubuhi nafsi inamwamrisha, mchana inamlaumu, na usiku, akijaaliwa, inatua.

Sura Al-Hajj, aya ya 46, inatufahamisha kuwa upofu ulio mbaya si wa macho bali ni wa mioyo iliyo vifuani. Sura Fussilat, aya ya 53, inatueleza kuwa ishara za Allah zimo katika pande za ulimwengu na zimo pia katika nafsi za watu. Na Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefundisha kuwa mwilini mna kipande kimoja cha nyama ambacho kikitengenea mwili wote hutengenea, na kikiharibika mwili wote huharibika, nacho ni moyo.

Kwa hiyo anayesema dini ya Kiislamu ni ya mambo ya nje tu hajaijua.

KIPI NI MFANO NA KIPI NI HABARI

Qurani haikutuachia tukisie. Inapotoa mfano, husema kuwa ni mfano. Katika Sura Ibrahim, aya ya 24, neno jema limepigiwa mfano wa mti mwema. Katika Sura An-Nur, aya ya 35, nuru ya Allah imepigiwa mfano wa taa iliyo ndani ya kioo, ndani ya shubaka. Katika Sura Al-Ankabut, aya ya 41, wanaotegemea wasiokuwa Allah wamepigiwa mfano wa buibui na nyumba yake. Hakuna anayetafuta buibui yule alikuwa wa wapi, kwa sababu tumeambiwa kuwa ni mfano.

Lakini inapofika habari ya vijana wa pangoni, Sura Al-Kahf, aya ya 13, inasema kuwa habari yao inasimuliwa kwa haki. Sura Yusuf inamalizia katika aya ya 111 kwa kutujulisha kuwa katika visa vya Mitume mna mazingatio kwa wenye akili, na kuwa si maneno yaliyozuliwa. Zingatia: aya ile ile inayotuambia tutafute mazingatio ndiyo inayokanusha kuwa ni uzushi. Mambo hayo mawili yamekuja pamoja, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenganisha.

Kuhusu Firauni mwenyewe, Sura Yunus, aya ya 92, inasema kuwa mwili wake utaokolewa ili awe ishara kwa wanaokuja nyuma yake. Ishara hapa ni mwili. Wazo haliokotwi ufukweni.

WALISEMAJE WALIOTUTANGULIA?

Bukhari amepokea kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akimkaribisha Ibn Abbas (R.A.), naye ni kijana, katika baraza la wazee waliopigana Badr. Baadhi yao wakaona vipi, kijana kama huyu kukaa nao. Siku moja Umar akawauliza wote kuhusu Sura An-Nasr. Wapo waliosema tumeamrishwa kumsifu Allah na kumwomba msamaha tunapopata ushindi. Wengine wakanyamaza. Ibn Abbas akasema kuwa sura hiyo ni ishara ya kukaribia kwa kifo cha Mtume (S.A.W.). Umar akakiri kuwa naye haijui ila hivyo.

Hapo pana funzo kwa wanafunzi wetu. Kijana anaweza kuona ndani ya aya jambo ambalo wakubwa hawakuliona. Lakini Ibn Abbas hakusema kuwa ushindi haukuwepo. Makka ilifunguliwa kweli, mwaka wa 8 Hijria, na watu waliingia katika dini makundi kwa makundi. Ni kwa sababu ushindi ulikuwa wa kweli ndipo ukawa dalili kuwa kazi ya Mtume imekamilika.

Baadaye wakaja wanavyuoni waliojishughulisha na tafsiri ya ishara. Mmoja wa mwanzo ni Sahl At-Tustari, aliyefariki mwaka 283 Hijria (896). Alipofika Sura An-Nisaa, aya ya 36, inayoamrisha wema kwa jirani wa karibu, jirani wa mbali, rafiki wa ubavuni na msafiri, alitaja pia maana ya ndani: jirani wa karibu ni moyo, jirani wa mbali ni nafsi, rafiki wa ubavuni ni akili inayofuata sheria, na msafiri ni viungo vinavyomtii Allah. Ni maneno mazuri ya kuzingatia. Lakini aliiita maana ya ndani, na kwa kuiita hivyo amekiri kuwa ipo ya nje.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), amelieleza jambo hili katika kitabu chake Mishkaatul Anwaar kwa namna inayokata mzozo. Anazungumzia amri aliyopewa Musa (A.S.) ya kuvua viatu vyake, nayo imo katika Sura Taha, aya ya 12. Anasema kuwa Musa alifahamu katika amri ile kuuvua moyo na dunia zote mbili, hii na ijayo, ili abaki na Mola wake peke yake. Kisha Ghazali anatahadharisha: asije mtu akadhani kuwa anasema Musa hakuwa na viatu, au kuwa hakuamrishwa kuvivua. Musa alivua viatu vya miguuni kwa utiifu, na akauvua moyo na dunia kwa ufahamu.

Akatoa mfano mwingine. Hadithi inatufundisha kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa. Mtu mmoja anamfuga mbwa sebuleni na kusema: makusudio ni mbwa wa hasira aliye moyoni. Mwingine anamtoa mbwa nyumbani na kubaki na hasira kifuani. Aliyekamilika, kwa mujibu wa Ghazali, ni yule anayemtoa wa nyumbani kisha akamtoa na wa moyoni.

Mwanachuoni wa Granada, Ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria (1388), katika kitabu chake Al-Muwafaqaat ameweka masharti mawili ya kukubali maana ya ndani. La kwanza, iafikiane na lugha ya Kiarabu. La pili, iwe na ushahidi mahali pengine katika dini na isipingwe na dalili. Bila ya masharti hayo kila mtu angeifanya Qurani iseme alitakalo.

HASARA YA KUBOMOA MSINGI

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani? Ikiwa mtu amepata funzo, yanini kujali kama Musa alikuwepo au hakuwepo?

Tuanze na jirani. Tukisema jirani wa aya ile ni moyo tu, basi mama wa nyumba ya pili aliyelala na njaa hana tena aya ya kumtetea. Sisi tutakaa tunaupikia moyo wetu na sufuria yake iko tupu.

Tuje kwa Firauni. Sura Al-Qasas, aya ya 4, inaeleza kuwa aliwagawa watu makundi, akalidhoofisha kundi moja, akiwachinja watoto wao wa kiume. Watoto wale walikuwa na mama zao. Ukisema Firauni ni kiburi changu tu, umewafuta watoto wale, na umemwondolea kila mnyonge wa leo habari yake: kwamba dhalimu mwenye jeshi na hazina alizama, na kwamba Allah alikuwa akiona.

Tuje kwa mama yake Musa. Wazazi wengi wanajua usiku wa kumwombea mtoto aliye hatarini. Mama yule alimtia mtoto mtoni, na Sura Al-Qasas, aya ya 13, inatueleza kuwa alirejeshewa ili jicho lake litulie. Mama anayesoma kisa hicho anapata nguvu kwa sababu mama mwenzake alirejeshewa kweli. Akiambiwa kuwa hapakuwa na mama, hapakuwa na mto wala mtoto, atabaki na nini? Picha nzuri, basi.

Na tuje kwa wagonjwa, maana hapa ndipo fundisho hili linapoumiza. Kama hali ya ndani ndiyo inayoumba kila la nje, basi mgonjwa ameumwa kwa sababu hakuwaza vizuri, na maskini ni maskini kwa sababu hakujenga picha ya utajiri akilini. Mtoto ambaye mama yake anaugua ataambiwa kuwa dhana zake ndizo zilizopungua. Je, Ayyub (A.S.) aliwaza vibaya? Yaqub (A.S.), ambaye macho yake yaliingia weupe kwa huzuni ya Yusuf, alikuwa na fahamu ya chini? Mtume wetu (S.A.W.) aliondokewa na bibi Khadija (R.A.) na ami yake Abu Talib katika mwaka mmoja, mwaka wa kumi wa Utume, na wanahistoria wakauita mwaka wa huzuni. Moyo gani uliokuwa safi kuliko wake? Uislamu unamwambia mgonjwa subiri, tafuta dawa na uombe, wala haumtwishi lawama juu ya maradhi.

Washairi wetu wa pwani walilifahamu hili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika utenzi wa Al-Inkishafi, anausemesha moyo wake mwenyewe na kuuonya. Ni utenzi wa ndani kabisa. Lakini moyo ule anauonyesha nini? Anauonyesha majumba ya Pate yaliyoanguka, na mabwana waliokuwamo wakaondoka. Magofu ya Pate yako mpaka leo katika visiwa vya Lamu. Kama Pate haingeanguka, moyo ungezinduliwa na nini?

AINGIAYE NDANI ATAMKUTA QARUNI

Sasa tulipime fundisho hili kwa kipimo chake lenyewe. Wanasema tusome kwa ndani. Haya, tusome.

Sura Al-Qasas, kuanzia aya ya 76, inaeleza habari ya Qaruni, aliyepewa hazina ambazo funguo zake tu zililemea kundi la wenye nguvu. Watu wake walipomnasihi, alijibu katika aya ya 78 kuwa mali ile ameipata kwa elimu aliyo nayo mwenyewe. Na Firauni, katika Sura An-Naziat, aya ya 24, alijitangaza kuwa yeye ndiye mola wao mkuu.

Je, hali ya ndani ya Qaruni si hii hii ya mtu anayesema kila nilicho nacho kimetoka katika fahamu yangu? Na hali ya ndani ya Firauni si ya mtu anayefundishwa kuwa uungu ni uwezo wake mwenyewe wa kuwaza? Msomaji mkweli wa maana za ndani, akiitazama nafsi yake bila kuipendelea, atawakuta mabwana hao wawili wamekaa ndani ya fundisho lile lile lililodai kumwokoa na kiburi.

NA SISI WA CHUONI JE?

Haitoshi kuwalaumu walio mbali. Wapo miongoni mwetu wanaomfuga mbwa wa pili, yule wa moyoni. Tunasoma habari ya Abu Lahab kama kwamba ni ugomvi wa watu wa kale. Tunasoma habari ya Bani Israil na kusema, watu wale walikuwa wabishi. Mwanafunzi anahitimu kwa tajwidi safi, ghunna na madda kila moja mahali pake, na Sura Al-Maun ikipita ulimini bila kumuuliza swali. Kama chuoni hatumfundishi mtoto kujiuliza, simu itamfundisha, na simu haina masharti ya Shatibi.

Basi nawashauri wanafunzi wafuate njia hii, na Sura Al-Maun yenyewe iwe mfano.

Kwanza, ijue maana ya nje. Fungua tafsiri, kama Qurani Takatifu ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy iliyotolewa kamili mwaka 1969, na umuulize ustadh wako usipofahamu. Sura inamtaja anayemsukuma yatima, asiyehimiza kulishwa maskini, anayesali huku ameghafilika, anayejionyesha, na anayezuia msaada mdogo.

Pili, mtafute mtu huyo ndani yako. Ni lini nilimsukuma mnyonge kwa jicho tu? Sala yangu ya jana niliisali kwa ajili ya nani?

Tatu, ipime maana uliyoipata. Je, inapingana na aya nyingine au na mafundisho ya Mtume (S.A.W.)? Ikipingana, iache, hata ikiwa tamu.

Nne, na hiki ndicho kipimo ninachokitegemea zaidi: angalia maana hiyo imekuongezea kazi au imekupunguzia. Mtu wa Ghazali alikuwa na mbwa wawili wa kuwatoa badala ya mmoja. Msomaji wa Tustari ana jirani wa nyumba ya pili na ana moyo wa kuutunza pia. Maana ya ndani iliyo ya kweli huongeza wajibu. Ikija maana inayokwambia sala ni hali ya moyoni tu, kwa hivyo lala, mkumbuke Mtume (S.A.W.), ambaye alisimama usiku katika sala hata miguu yake ikavimba, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Hakuna aliyemzidi kwa hali ya ndani, na hali hiyo ilimsimamisha.

Nanyi wazazi, mtoto akija na swali kuhusu haya, msimfokee. Kaeni naye, fungueni msahafu pamoja. Anayeuliza kama Firauni yumo moyoni mwake ameuliza swali zuri. Mjibuni kuwa ndiyo, anaweza kuwamo, na mumwambie pia kuwa aliwahi kuwako Misri, akazama.

Tunamwomba Allah (S.W.) aijaalie Qurani iwe nuru ya vifua vyetu na mwongozo wa viungo vyetu, atukinge na Firauni wa nje na wa ndani, na azifanye nafsi zetu ziwe nafsi zilizotua siku tutakayorejea kwake. Amin.

Wabillahi tawfiq.